Dakika ya Chumba

Kimya hakifanani. Kimya cha jikoni si kimya cha ghalani, na chumba chenye dirisha hakinyamazi kama chumba kisicho nalo. Ndiyo maana watu wa filamu, wakishamaliza kupiga picha mahali, husimama wote kama waliopigiliwa misumari, hawakohoi, hawajikuni, dakika moja nzima, ili fundi wa sauti arekodi ukimya wa hapo. Baadaye ukimya huo hutandikwa chini ya maneno ya filamu, kama shuka chini ya mgonjwa. Wenyewe waliuita dakika ya chumba.

Mwanamke mwenye kazi hiyo walimwita Sikio. Mpiga picha walimwita Jicho. Mwongozaji wao, mtu wa ndevu nyingi na miaka arobaini na mitano, aliyesomea usanifu wa majengo akaacha njiani, alijiita Profesa. Lakini akitoka tu chumbani wenzake walimwita Mdomo, kwa kuwa filamu zake zote alizisimulia mwenyewe, kwa sauti nzito ya kujipenda.

Mwaka huo walikuwa wakitengeneza filamu ya jengo kuukuu la ghorofa sita katikati ya mji. Wapangaji walikwisha hamishwa. Milango ilikuwa imeng'olewa, vitasa vimeng'olewa, hata swichi za taa zilikuwa zimeng'olewa, zikaacha matundu ukutani kama mapengo ya kibogoyo. Jumamosi tingatinga lingekuja. Profesa alitaka kila chumba kipigwe picha kabla ya hapo.

Saa tano asubuhi, siku ya Jumatatu, walikuwa ghorofa ya nne, chumba cha mwisho upande wa kushoto.

"Dakika ya chumba," akasema Profesa. "Kimya."

Sikio akavaa hedifoni, akafumba macho. Akasikia yale ambayo masikio matupu hayasikii: chembe za lipu zikidondoka ndani ya ukuta, upepo ukinong'ona kwenye bomba lisilo na maji, mji mzima ukivuma kwa mbali kama nyuki ndani ya chupa. Sekunde ya arobaini, nyuma kidogo ya sikio lake la kulia, mtu mzima akasema kwa adabu, kama jirani aliyekuja kuazima kiti:

"Hodi."

Sikio alilelewa na mama aliyewafinya watoto waliomwacha mgeni mlangoni. Ulimi wake ukatangulia akili.

"Karibu."

"Sikio!" Profesa akapiga paja lake. "Unamkaribisha nani?"

"Panya," akasema Jicho. "Wamebaki wao tu humu, na wana adabu zao."

"Hamkusikia? Kuna mtu amepiga hodi."

"Kwenye jengo lisilo na hata mlango wa kugonga?" Profesa akacheka kwa pua. "Kazi ya sikio ni kusikia, dada yangu, si kujibu. Rudia."

Wakarudia. Safari hii hakuna aliyesema neno. Lakini Sikio alipotazama taa ndogo za kijani kwenye mashine yake, zile zinazopanda na kushuka kwa kufuata sauti, ziliona haya kuwaka. Haikuwaka hata moja. Chumba kilisoma sifuri, na hakuna chumba duniani kinachosoma sifuri. Alipopuliza maikrofoni taa zikapanda zote. Mashine ilikuwa nzima. Chumba ndicho kilichokuwa kimehamwa.

Akarudisha nyuma asikilize ile ya kwanza. Hodi haikuwamo. Ilikuwamo sauti yake peke yake, nyepesi, yenye bashasha: *Karibu.*

*

Nyumbani kwa Sikio palikuwa na vyumba viwili na jiko. Mume wake alikuwa fundi cherehani, akishonea sebuleni karibu na dirisha, na binti yao wa miaka sita alikuwa Kasuku. Jina hilo alipewa na majirani. Mtoto yule hakuishi maisha, aliyatangaza. "Sasa navaa kiatu. Kiatu kimekataa. Baba, kiatu kina kiburi. Sasa nakipiga. Sasa kimekubali." Sikio, aliyeshinda kutwa akiwinda ukimya wa vyumba vya watu, alikuwa akifika mlangoni kwake na kusimama kidogo nje ili asikilize makelele hayo kabla hayajamwona. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake, na hakuna mwizi aliyewahi kuijua.

Jumatatu ile nyumba ilinuka chokaa mbichi.

"Umepaka rangi?" akamuuliza mumewe.

"Rangi ya nini? Wewe ndiye umerudi na vumbi la magofu yako."

Akafungua bomba la jikoni. Maji yakatoka, yakagonga sufuria, wala hayakulia. Yalianguka kama uzi. Sikio akatikisa kichwa, akadhani masikio yamechoka.

Jumanne, cherehani. Mume wake alikuwa amekanyaga, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka juu ya suruali ya mtu, na hapakuwa na sauti. Mume mwenyewe alikuwa ametoa macho.

"Mama Kasuku," akanong'ona, na sijui kwa nini alinong'ona, "hebu niambie kama mimi ndiye kiziwi."

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi si masikio."

Wakatazamana. Harufu ya chokaa ilikuwa imeongezeka, ya chokaa na ya kitu cha zamani chini yake, kama kabati lililofungwa na nguo za marehemu ndani.

Jumatano asubuhi Kasuku akaamka, akafungua kinywa aitangaze siku, midomo ikacheza, na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Akashika koo lake kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Halafu akalia, na hicho ndicho Sikio hakuweza kukivumilia: machozi yalishuka, kifua kikapanda na kushuka, mdomo ukapanuka mpaka ndani kabisa kukaonekana, na nyumba ikabaki tulivu kama picha ukutani.

Daktari akamulika koo. "Safi kabisa," akasema. "Koo la mwimbaji hili. Mrudisheni baada ya wiki mbili."

Walirudi saa nane mchana. Jua lilikuwa limejaa sebule nzima, hadi uvunguni. Kasuku akaketi mkekani, mdomo umefungwa. Ndipo kutoka kwenye pembe, kati ya kabati na ukuta, mahali ambapo hata paka asingeenea, sauti ya Kasuku ikasema:

"Mama wa nyumba, asante kwa makaribisho. Nyumba yako ni ndogo, lakini ina watu. Kule kwetu walibaki njiwa."

Mume akadondosha mkasi. Ulianguka bila mlio.

Sikio akamvuta mtoto kifuani. Sauti ilikuwa ile ile, yenye kigugumizi kidogo kwenye herufi ya *r*, lakini ilitembea kama mzee aliyevaa viatu vya mtoto.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mgeni wako."

"Mgeni siku mbili," akasema Sikio, "ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu."

Pembe ikacheka, kicheko cha Kasuku cha asubuhi, kile cha kiatu chenye kiburi.

"Jembe nimeshajipa, mama wa nyumba. Nalima koo la mwanao. Ardhi yake laini."

*

Mganga ambaye Sikio alielekezwa kwake alikuwa na ofisi juu ya duka la vipuri. Mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia kwa kamba, kalenda ya miaka miwili iliyopita ukutani. Sikio alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasimulia yote, na mganga akasikiliza huku akisafisha kucha kwa njiti ya kiberiti.

"Ulisema karibu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa mdomo wako huo huo?"

"Ndiyo."

"Basi umenipa kazi gani mimi? Aliyevunja mlango hufukuzwa. Aliyekaribishwa hafukuzwi, mwanangu. Husindikizwa." Akaitupa njiti. "Mrudishe kwake."

"Kwake kunabomolewa Jumamosi."

"Ala! Kumbe naye kafukuzwa." Mganga akacheka kidogo, kisha akaacha, maana aliona uso wa mwenzake. "Sikiliza. Mgeni asiye na kwao huondoka kwa njia moja tu. Apige hodi kwingine, na wa huko aitikie kwa hiari yake. Yupo mtu unayeweza kumpa?"

Sikio akaitazama kalenda ukutani.

"Usiniambie ni nani. Sitaki dhambi ya kusikia. Ila shika haya mawili. La kwanza, jini hasemi uongo. Akikuahidi, ametimiza. La pili ni zito. Njiani atalia. Atalia kwa sauti ya mwanao, maana ndiyo aliyonayo, atakuita mama, atakuomba umrudishe. Ukisikiliza umekwisha. Ziba masikio, tembea."

*

Profesa hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na mama mzee aliyekuwa akimpigia simu kila mchana kumuuliza kama amekula, lakini Sikio alichagua kumkumbuka kama mtu asiye na mke wala mtoto. Tena Ijumaa alikuwa na kazi studio, kurekodi simulizi ya filamu. Tena alikuwa mtu wa kupenda kukaribisha: kila filamu yake ilianza kwa kumkaribisha mtazamaji. Tena, tena, tena. Anayetaka kutenda ubaya hakosi hesabu ya *tena*.

Saa nne asubuhi ya Ijumaa Sikio akapiga magoti mbele ya pembe, mashine yake ya kurekodi imewashwa, maikrofoni mkononi.

"Nimekupatia mwenyeji," akasema. "Nyumba kubwa. Mtu mwenye sauti nene, wewe utaipenda. Utatoka?"

Pembe ikafikiri. Harufu ya chokaa ikaja, ikaenda.

"Mama wa nyumba anataka koo la mwanawe lisiwe bubu."

"Ndiyo."

"Na anataka tusibaki wawili kwa mmoja."

"Ndiyo."

"Basi naahidi," ikasema sauti ya Kasuku, taratibu, kama karani anayesoma hati. "Mmoja wetu atakwenda na mmoja atabaki. Na aliyebaki atasema. Fungua mashine."

Jini hasemi uongo. Sikio akabonyeza. Taa za kijani zikapanda, zikapita kijani, zikafika nyekundu, zikagandia pale. Mkekani nyuma yake, Kasuku akafumba macho, akayafumbua, akamtazama mama yake kwa utulivu, akakunja miguu yake vizuri na kushusha gauni lifunike magoti. Sikio hakuona. Alikuwa akitazama taa.

Akatoka na mashine begani na hedifoni shingoni. Mtaani palikuwa peupe, watu wakiuza, wakinunua, wakigombana, na kabla hajafika hata kwenye kona ya kwanza kilio kikaanza, kidogo, kikitokea kwenye hedifoni zile shingoni mwake, *mama*, kilisema, *mama, si mimi, mama, nitoe, ni mimi*, na Sikio akakumbuka aliyoambiwa, akabana sponji mbili za hedifoni kwa viganja akazikandamiza shingoni mwake mwenyewe kama anayejinyonga, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, na dereva akamtukana, na akalishukuru tusi kwa sababu lilikuwa na sauti kubwa kuliko kilio, akapita mafundi wa vyuma akatamani wagonge zaidi, akapita jengo la ghorofa sita lililozungushiwa mabati likisubiri kesho yake, na kilio sasa hakikuwa na maneno, kilikuwa kwikwi tu, kwikwi za mtoto aliyelia mpaka akasahau analilia nini, kwikwi ambazo alizijua moja moja tangu siku ya kwanza ya uzazi, na akasema kwa nguvu, watu wakageuka, "Sikusikii! Mwongo mkubwa wewe, sikusikii!" na akatembea, akatembea, akatembea, mwanamke ambaye maisha yake yote alilipwa kwa kusikiliza, mpaka akafika.

Studio ilikuwa na kibanda cha kurekodia chenye dirisha nene la kioo. Profesa alikuwa ameshaketi ndani, miwani puani, karatasi mezani, kikombe cha chai pembeni.

"Umechelewa, Sikio. Sauti yangu ya asubuhi inapoa."

"Nisamehe, Profesa."

"Mtoto anaendeleaje?"

Sikio akainamia nyaya za mashine. "Leo atapona," akasema.

"Inshallah. Mama yangu amemwombea jana. Nilimwambia." Akavaa hedifoni za kibandani, akakohoa, akajaribu mstari wake wa kwanza chini kwa chini, mkono ukipunga kama wa mwimbaji. Sikio akachomeka mashine yake. Alikuwa na kidole juu ya kitufe. Angeweza kukiondoa. Tuseme ukweli, kilikaa pale muda wa mtu kumeza mate mara mbili.

Akabonyeza.

Nyuma ya kioo Profesa akainua kichwa. Alikunja uso, kama mtu aliyesikia jambo dogo, la huruma. Halafu akatabasamu, akatazama mlango uliofungwa wa kibanda, na Sikio akaona midomo yake ndani ya zile ndevu ikitengeneza neno ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisema.

Taa kwenye mashine zikashuka, moja baada ya nyingine, mpaka sifuri.

Simu yake ikalia papo hapo. Alikuwa mume wake, akilia na kucheka kwa pamoja, na nyuma yake cherehani ikinguruma kama mvua ya mawe.

"Mama Kasuku! Anaongea! Mwanao anaongea, nakuambia, na cherehani inalia, na bomba linalia!"

Sikio akaketi sakafuni. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi. Amesema nini? Niambie neno la kwanza."

"Ameniambia pole na kazi. Hebu fikiria! Kaamka mkekani, kajipangusa, kaja hapa kwenye cherehani, akasema, 'Pole na kazi, baba wa nyumba.'" Mume akacheka tena. "Adabu hiyo kaipata wapi? Sasa ananiuliza mama wa nyumba anarudi saa ngapi."

Sikio akaishika simu kwa mikono miwili.

"Halo? Upo?"

Kuna harufu ya chokaa, alitaka kuuliza, kuna harufu? Lakini kwenye spika kubwa za studio, zilizounganishwa na maikrofoni ya kibandani, kitu kilikuwa kimeanza kupumua kwa kwikwi. Akainuka kwa kushika meza. Nyuma ya kioo Profesa alikuwa ameteremka kitini. Alikuwa amejikunyata chini ya meza, mtu mzima mwenye mwili na ndevu, amekumbatia magoti yake, anaitazama mikono yake mikubwa yenye nywele kama mtu aliyevishwa glavu za mwingine. Akafungua kinywa.

"Mama," ikasema sauti ya Kasuku. "Niliita njia nzima. Hukunisikia?"

Kikombe cha chai kilikuwa kimepinduka, na chai ikadondoka kutoka mezani, tone, tone, ikimwangukia kichwani, na hakujua kusogea.

"Mama, huku pana mtu. Amelala. Ni mzito."

Simu ilikuwa bado mkononi. "Halo? Halo? Ongea naye basi, huyu hapa anaitaka simu—"

Aliiacha ianguke. Akafungua mlango wa kibanda, akatambaa chini ya meza, akakivuta kile kichwa chenye kipara kinachoanza na ndevu zilizolowa chai, akakipakata mapajani. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani kichwa kinaweza kuwa. Akaanza kukipangusa kwa ukingo wa mtandio wake, akaanza kuyumba mbele na nyuma, kama anavyoyumba kila mzazi bila kufundishwa.

Jicho aliingia na kamera begani, akawaona kupitia kioo, akaangua kicheko.

"Haa! Sikio! Baba Kasuku anajua mambo haya? Profesa, amka huko, simu ya mama yako iko kwangu, anauliza kama umekula!"

"Nyamaza," akasema Sikio. Hakuinua macho. "Ndiyo kwanza anasinzia."